Nimechambua shairi la Wilfred Owen nikapata 41, dhamira na lugha vinaunganishwaje?

Binti_Lushoto

Wakuu habari za muda huu. Naombeni msaada, hasa wale mliosoma au mnaofundisha fasihi ya Kiingereza. Niko mwaka wa kwanza chuo, nachukua Kiswahili na Kiingereza, na muhula huu tuna kozi ya ushairi wa Kiingereza wa karne ya 20. Asaimenti ya kwanza tuliambiwa tuchambue dhamira na lugha kwenye shairi moja tu, Futility la Wilfred Owen, mshairi Mwingereza aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na mimi nikafurahi maana shairi lenyewe fupi, mistari 14, beti mbili za mistari saba saba, nikajua hii namaliza jioni moja.

Kwa ambao hamjalisoma, kuna mtu amelala kwenye theluji asubuhi huko Ufaransa, haamki. Anayesema anawaambia wenzake wamsogeze juani, kwa sababu kwao jua ndo lilikuwa linamwamsha, linamnong'oneza habari za mashamba ya kupanda, na hata huku Ufaransa lilikuwa linamwamsha kila siku mpaka leo asubuhi. Labda jua linajua cha kufanya. Ubeti wa pili anasema fikirieni jua linavyoamsha mbegu, liliwahi kuamsha hata udongo wa nyota iliyokuwa baridi, sasa viungo hivi ambavyo bado vina joto vimekuwa vigumu mno kuvitikisa? Halafu anamaliza kwa kuuliza kwa nini basi hiyo miale ya jua ilijisumbua kuivunja dunia usingizi.

Sasa mimi nikafanya kama tulivyozoea kwenye Kiswahili tangu sekondari, maudhui huku fani kule. Maudhui nikaweka dhamira nne, vita, kifo, kukata tamaa na mazingira, nikaongeza ujumbe, msimamo na falsafa ya mwandishi. Fani nikaweka muundo, mtindo, tashihisi kwa sababu jua linanong'ona, takriri, maswali ya balagha, taswira, kila kimoja na mfano wake. Kurasa sita. Nimepata 41, na chini lekchara kaandika kwa kalamu nyekundu kwamba nimeorodhesha sijachambua, na dhamira zangu zingefaa shairi lolote la vita. Pembeni ya neno vita kaweka alama ya kuuliza halafu kaandika "wapi?" basi.

Imeniuma kwa kweli. Sio maksi tu, shairi lenyewe nililipenda, nililisoma kwa sauti usiku mpaka mwenzangu wa rumu akaniuliza mbona sauti yako imebadilika, halafu nilipokuja kuandika yale yote niliyoyasikia hayakuingia kwenye karatasi hata kidogo. Tumepewa nafasi ya kurudia mpaka Ijumaa. Naomba kuuliza, dhamira na lugha vinaunganishwaje maana mimi najua kutaja kila kimoja kivyake. Na hiyo "wapi?" anamaanisha nini?

Mzee_wa_Kumbukumbu

Pole mdogo wangu. Ushauri wangu anza na historia, Owen huwezi kumwelewa bila kujua alikopita. Kazaliwa Oswestry mwaka 1893, karibu na mpaka wa Wales, akajiunga na jeshi 1915, mwanzoni mwa 1917 akapelekwa mstari wa mbele Ufaransa kwenye baridi kali sana. Kuna barua aliandika nyumbani Februari mwaka huo, anasimulia walivyolala nje kwenye theluji na mmoja wa watu wake akaganda mpaka akafa kabla hawajamrudisha nyuma. Baadaye mwaka huohuo mabomu yakamvuruga akili akapelekwa hospitali ya Craiglockhart pale Edinburgh, ndiko alikokutana na Siegfried Sassoon, afisa mwenzake na mshairi, akamsaidia sana kwenye uandishi. Futility ikatoka kwenye jarida la The Nation Juni 1918. Akarudi Ufaransa, akauawa tarehe 4 Novemba 1918 kwenye mapigano ya kuvuka mfereji wa Sambre-Oise, ana miaka 25 tu, ikiwa imebaki wiki moja vita iishe. Telegramu iliwafikia wazazi wake Shrewsbury tarehe 11, siku yenyewe ya kusimamisha vita, kengele za kanisa zinalia mji mzima unashangilia.

Weka hayo ukurasa wa kwanza, msahihishaji ataona umefanya utafiti.

Mwl_Nyakato

Binti, nimefundisha mashairi haya fomu faivu na siksi miaka mingi, ngoja nikae vizuri niandike maana swali lako ni zuri na hiyo "wapi?" ni zawadi umepewa.

Chukua shairi sasa hivi na penseli. Tafuta neno vita, halipo. Tafuta bunduki, risasi, damu, adui, jeraha, hata neno askari lenyewe, hakuna hata moja. Haya tafuta kufa, maiti, kaburi, navyo havipo. Kitu pekee kinachokwambia tuko wapi ni neno France mwishoni mwa mstari wa nne, na msomaji wa 1918 halikuhitaji maelezo. Kwa hiyo lekchara wako alipouliza wapi alikuwa anakuuliza hilohilo, umeandika dhamira ni vita, nionyeshe, na wewe hukumwonyesha kwa sababu haimo kwa jina. Imo kwa kutokuwemo. Mtu yuko katikati ya vita kubwa kuliko zote zilizowahi kuonekana mpaka wakati ule anaandika juu ya mtu aliyekufa vitani na hasemi vita na hasemi kufa. Kwa nini? Hapo ndo uchambuzi unaanzia, dhamira na lugha vimeshakuwa kitu kimoja hata hujaandika kichwa cha habari.

Sasa angalia ni maneno gani yamekaa mahali pa hayo yaliyokosekana. Pigia mstari vitenzi. Mstari wa pili kuna awoke, wa nne woke, wa sita rouse, wa nane wakes, wa tisa woke tena, wa kumi na moja stir. Shairi la mistari 14 na kuamka kumetajwa mara sita. Wewe kwenye karatasi yako ungeandika "takriri, mfano neno wake" ukaendelea na kipengele kinachofuata. Simama hapo kwanza. Nani anarudiarudia amka, amka? Nenda msibani ukae na wanawake chumba cha ndani, utamsikia mama mzazi anamshika mwanae anamwambia amka baba, amka ule. Watu wote mle ndani wanajua, na yeye anajua, ila mdomo haujakubali. Huyu anayesema kwenye shairi ndo yuko hapo. Maneno yake yanatufundisha kwamba bado hajakubali, hajatuambia hata mara moja "nimehuzunika".

Halafu fuata sarufi inavyotembea. Shairi linaanza na amri, Move him, msogezeni, sauti ya mtu aliyezoea kutoa amri, na amri ni kitu unachompa mtu ukiwa unaamini kuna la kufanya. Mstari wa sita imeshakuwa kama kuna chochote kitakachoweza, yaani tumaini limewekewa kama mbele. Ubeti wa pili anaanza na amri tena, Think, fikirieni, ila hii sio ya mikono tena ni ya kichwa, ameacha kumhangaikia yule mtu kaanza kuhoji. Baada ya hapo hakuna amri wala kauli, ni maswali matatu mfululizo mpaka mwisho, na kila moja kubwa kuliko lililotangulia, la kwanza linahusu mwili huu mmoja, la pili binadamu wote, la tatu kwa nini dunia iliamshwa kabisa. Hakuna jibu. Ametoka kwenye msogezeni mpaka kwenye kwa nini kuna uhai, mistari 14 tu, na safari yote hiyo unaiona kwenye aina za sentensi. Wewe uliandika "maswali ya balagha" na ni kweli ni maswali ya balagha, ila jina la kitu sio kazi ya kitu.

Na jua lenyewe. Mwisho wa ubeti wa kwanza anasema kind old sun, jua la kizee lenye huruma, unalisikia kama babu wa nyumbani. Mistari sita mbele jua hilohilo limekuwa fatuous sunbeams. Hebu liweke hilo neno mdomoni. Maneno mengine mengi hapo ni mafupi, ya shambani, sun, snow, seeds, clay, tall, halafu linaingia neno lenye asili ya Kilatini, la watu waliosoma, lenye dharau, maana yake ni upumbavu wa mtu anayejiona kafanya la maana. Huyo anayesema amemgeukia babu yake. Ukiweza kuandika aya moja nzima juu ya safari ya kutoka kind kwenda fatuous umeshaandika dhamira ya kupoteza imani, bila kuitaja kama kichwa cha habari.

Tatizo sio kwamba ulifundishwa vibaya, fani na maudhui ni njia nzuri ya kumfanya mwanafunzi wa fomu tuu asisahau kitu. Ila chuo wanataka uone kwamba maudhui hayakai kwenye kisanduku fani kwenye kisanduku kingine.

Kina_cha_Kati

Mwalimu kasema yote ila vina hakuvigusa na mimi ndo nilikokulia, babu yangu alikuwa malenga pande za Pangani, kwa hiyo nilipolisoma hili shairi mara ya kwanza nikasema hili ni guni, yaani shairi lenye kasoro ya vina au mizani. Vina haviko sawa. sun halafu sown, once halafu France, seeds halafu sides, star halafu stir. Kwetu mtu akileta hivyo barazani anaambiwa akalipige randa kwanza.

Ila baadaye nikagundua anafanya makusudi tena kwa ufundi mkubwa. Wenyewe wanaiita pararaimu, konsonanti zinabaki zilezile irabu ndo inabadilika. Ni kama wewe uweke mshororo mmoja uishie kiti na mwingine uishie kuta, au pole na pale. Sikio linasikia kuna kitu kinarudi, linajiandaa kupokea kina, halafu kina hakifiki. Kimekosa kidogo tu. Na hapa ndo unaweza kuunganisha, shairi zima linahusu kitu ambacho kilitakiwa kirudi na hakirudi, jua limekuja kama kawaida, mtu hajaamka kama kawaida. Kila vina viwili unavyovisoma sikio lako linapitia alichopitia yule mtu pale kwenye theluji, unasubiri, inakaribia, haifiki.

Na kuna kitu wengi hawakioni, kila ubeti unafunga na kina kimoja cha kweli kabisa, wa kwanza snow na know, wa pili tall na all. Angalia wa kwanza. Anasema jua litajua, will know, na kina chake kamili kinachokijibu ni snow, theluji. Yaani mdomo unasema tumaini na kina kinasema baridi. Mimi nilipoona hilo niliacha kusoma nikatoka nje kidogo.

Mizani nayo, yaani silabi za mstari, hesabu. Mishororo ya kati mingi ina mizani 8, mingine 9, lakini wa kwanza na wa mwisho wa kila ubeti ina 6 tu. Move him into the sun, sita. The kind old sun will know, sita. Think how it wakes the seeds, sita. To break earth's sleep at all, sita. Kwa hiyo kila ubeti unaanza na pumzi fupi unaisha na pumzi fupi. Idadi ya mishororo 14 ni ya soneti, umbo ambalo Waingereza walilitumia sana kwenye mapenzi, ila soneti kwa kawaida ina nane halafu sita na katikati panakuwa na kugeuka. Huyu kaikata saba kwa saba, nusu kwa nusu. Usiandike "muundo ni beti mbili", andika hiyo.

Mgeni_wa_Usiku

Mzee wa Kumbukumbu hapo juu samahani kaka yangu ila mimi napinga kuweka wasifu ukurasa wa kwanza. Hiyo barua ya aliyeganda inagusa sana, lakini ukishaianza msomaji anasoma shairi kama ripoti ya siku ile, na shairi halituambii huyu mtu kafa kwa baridi au kwa risasi. Hakuna jeraha lolote linaloonyeshwa. Limeacha wazi na mimi nadhani limeacha makusudi. Ukiziba hapo kwa barua umeliharibu. Wasifu uje pale neno fulani linapouhitaji, basi.

Mfano neno clay. Limekuja mara mbili, kwanza clays of a cold star, udongo wa nyota baridi yaani dunia yenyewe kabla ya uhai, halafu mstari wa kumi na mbili the clay grew tall, udongo ukarefuka, na hapo udongo ni mtu. Sisi hatuhitaji kuelezwa, tunasema binadamu, mwana wa Adamu, aliyetoka kwenye udongo, Mkristo anajua na Mwislamu anajua. Hapa ndo ungesema Owen kalelewa kwenye nyumba ya dini, mama yake alikuwa mcha Mungu sana, na kabla ya vita aliishi kama msaidizi wa kasisi kijiji cha Dunsden kuanzia 1911 mpaka 1913 halafu akaondoka imani ikiwa imetikisika. Kwa hiyo anapouliza ndo kwa ajili ya hili udongo ulirefuka, anamuuliza nani? Jua limetajwa, Mungu hajatajwa. Na hilo nalo ni neno lililokosekana, Mwalimu ongeza kwenye orodha yako.

Alafu tall hapo ni neno la mazao. Mahindi ndo yanarefuka. Mbegu, udongo, kurefuka, mashamba ya kupanda, kumbe mtu mwenyewe ni zao, na huyu alikuwa mkulima. Kakatwa.

Tafsiri_Kwanza

Binti dawa moja ninayoijua mimi, jaribu kulitafsiri. Hata usipomaliza. Ukitafsiri kila neno linakulazimisha uamue, na pale unapokwama ndo penye uchambuzi.

Mimi nilikwama kwenye neno la kwanza kabisa. Move him. Msogeze au msogezeni? Kiingereza hakisemi anaongea na mmoja au wengi, Kiswahili lazima useme. Nikachagua msogezeni maana mtu mmoja habebi mwili peke yake, halafu ghafla nikawaona, kumbe kuna watu wamesimama pale kimya wakati wote huyu anaongea na hakuna hata mmoja anayemjibu.

Kind old sun nikaandika mzee jua mwenye huruma, ikakaa vizuri, kwetu ukimwita mtu mzee kuna heshima ndani yake. Ila fatuous imenishinda mpaka leo. Miale mipumbavu ni tusi la mtoto. Miale isiyo na akili inapoteza dharau. Nimeacha nafasi wazi.

Na jina la shairi. Mwanzo niliandika Ubatili, nikakumbuka Mhubiri wa kwenye Biblia, ubatili mtupu mambo yote ni ubatili, nikasema hapa nimepatia. Lakini Mhubiri ametulia, ni mzee ameshaona yote anahitimisha. Huyu wa kwenye theluji hajatulia, hasira bado ya moto. Sasa hivi nimeweka Bure. Kuna bure ya kufanya kazi bure na kuna ile ya amekufa bure, na ukimsikia mtu anasema amekufa bure hujawahi kumsikia akiisema kwa utulivu.

Kitu kingine, angalia toleo ulilonalo. Mstari wa tatu matoleo mengine yana fields unsown na mengine fields half-sown. Sio kitu kidogo. Unsown ni mashamba hayajapandwa, kazi inasubiri. Half-sown ni nusu imepandwa nusu bado, mtu kaacha jembe katikati ya shamba akaitwa. Mimi napenda half-sown kwa sababu ile picha ya nusu shamba inakaa mahali pamoja na vile vina nusu alivyovieleza mwana wa malenga hapo juu na soneti iliyokatwa nusu.

Pwani_ya_Dar

Nimepita hapa nikashindwa kuondoka bila kuandika. Ukipita mjini Dar kwenye mzunguko wa Sanamu ya Askari, ile ya 1927, simama usome maandishi. Yameandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili na aliyeyatunga ni Rudyard Kipling, mwandishi Mwingereza. Ni kumbukumbu ya askari wa Kiafrika na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi kwenye vita hiyohiyo ya 1914 mpaka 1918, na yanamalizia kwa kusema ukiipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Kipling mwenyewe mwanae wa kiume John alipotea vitani kule Loos mwaka 1915 akiwa kijana wa miaka 18, kwa hiyo simwoni kama mtu aliyeandika kirahisi.

Sasa soma hayo halafu rudi kwa Owen. Mtu wake hana jina. Ni him, him, him, baadaye hata him inaisha, ubeti wa pili amebaki viungo na mbavu. Jiwe linaahidi jina, shairi limekataa kulitoa. Na wale wapagazi wetu ambao Kariakoo imebaki na jina la kikosi chao, Carrier Corps, wangapi majina yao yameandikwa mahali? Mimi babu mzaa babu yangu alienda hakurudi na kwenye familia tunajua tu kwamba alienda. Ndo maana hili shairi la Mwingereza wa Shrewsbury nalisoma kama letu. Sijui kama linakusaidia kwenye asaimenti lakini nimesema.

Mzee_wa_Kumbukumbu

Mgeni wa Usiku nimekuelewa, na kwenye barua nakubali, nilikuwa naiweka mahali pabaya. Binti iweke mwishoni au iache kabisa. Ila tarehe ya The Nation usiiache, Juni 1918 vita bado inapiganwa, mtu anafungua jarida Uingereza mwanae yuko Ufaransa muda huohuo. Shairi lisilotaja vita lilisomwa na watu waliokuwa ndani ya vita, hilo linaisapoti hoja ya Mwalimu.

Binti_Lushoto

Shikamoo Mwalimu, na shikamooni wote mlionizidi. Nimesoma uzi mzima mara mbili, nimekaa na penseli kama nilivyoambiwa na nimeanza upya. Nimeandika aya ya kwanza kwa Kiswahili kwanza ndo ntaihamishia kwenye Kiingereza, naomba muiangalie.

"Shairi la Futility linaanza na amri ya kumsogeza mtu juani, na amri hiyo ina imani ndani yake, kwamba jua ambalo lilizoea kumwamsha litamwamsha tena. Katika mistari 14 vitenzi vya kuamsha vinarudi mara sita, na hakuna hata mara moja ambapo kifo kinatajwa. Anayesema anaitazama maiti na bado anazungumza lugha ya asubuhi. Vina navyo vinafanya hivyohivyo, vinakaribia kukutana na havikutani, isipokuwa mwisho wa kila ubeti, na pale ambapo jua linaahidiwa kujua, kina kinachojibu ni theluji. Jarida lililolichapisha Juni 1918 liliwafikia wasomaji ambao hawakuhitaji kuambiwa neno France lina maana gani."

Baada ya hapo nataka niende kwenye safari ya kind mpaka fatuous, halafu udongo. Dhamira zile nne nimezifuta zote. Ya mazingira hata sijui niliitoa wapi.

Mwl_Nyakato

Marahaba mwanangu. Huyu sasa ndo yule aliyesoma kwa sauti usiku.

Mambo mawili tu. Sentensi ya tatu umeandika anaitazama maiti. Wewe unajua ni maiti, mimi najua, huyo anayesema hajalitamka hilo neno na wewe umetoka kusema hivyohivyo sentensi moja nyuma. Tafuta neno lingine. Na taja toleo ulilotumia maana ukifika kwenye mashamba utahitaji kuchagua unsown au half-sown na lazima useme kwa nini.

Binti_Lushoto

Nimebadilisha Mwalimu, nimeweka "anamtazama mwenzake". Toleo letu la kozi lina half-sown, nimeshaanza kuandika juu ya ile nusu ya shamba iliyobaki.